Bima ya Mama Jesca

Simu ya Mama Jesca ilikuwa inaishi kabatini. Kwanza ilivishwa soksi ya mtoto, soksi ikafungwa ndani ya khanga, khanga ikatiwa kwenye boksi ilimokuja simu, na boksi likafungiwa kwenye kabati la vyombo vya wageni, juu kabisa, pembeni ya hotpoti ambayo haijawahi kutiwa chakula tangu inunuliwe. Simu ilipolia, na ililia sana kwa sababu ndugu wa Newala wanapenda kuongea, Mama Jesca aliacha alichokuwa anafanya, akanawa mikono, akajifuta, akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati, akafungua boksi, akafungua khanga. Alipofika kwenye soksi, mpigaji alikuwa ameshakata tamaa.

"Hii ni simu au mwali?" aliuliza mumewe, Romani, bila kuinua macho kwenye kinu alichokuwa anachonga. "Mbona umeiweka ndani hivyo? Unaicheza unyago?"

"Niache, Baba Jesca. Mtoto kaitolea jasho."

Ni kweli, mtoto alikuwa ameitolea jasho. Jesca, binti yao wa pekee, alikuwa keshia kwenye duka kubwa la Ubungo, na simu ile aliinunua kwa mshahara wa kazi yake mpya. Hakuinunua iwe pambo. Baba yake alichonga vinu, michi, miiko na mbuzi za kukunia nazi uani kwao Segerea, na mama yake alivipanga barabarani akavikalia siku nzima kwenye jua. Watu wa siku hizi walikuwa wanapita, wanavipapasa, wanasifu, kisha wanauliza: "Mama, huna stetasi niwe naona mzigo mpya?" Mama Jesca hakuwa na stetasi. Alikuwa na kigoda.

Jumamosi Jesca alipokuja nyumbani kuona picha ngapi zimepigwa, alikuta haijapigwa hata moja.

"Mama, simu iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

Mama yake akaonyesha kabati kwa kidevu. Jesca akacheka, kisha akaacha kucheka, maana aliona mama hatanii.

"Mie naogopa, mwanangu," alisema Mama Jesca. "Mikono yangu hii ya kubeba magogo. Ikinidondoka je? Kile kioo chenyewe kama ganda la yai. Nitakuangalia usoni vipi?"

Hapo ndipo Jesca alipolisema lile neno. Hakulipanga. Lilitoka tu, kama watu wanavyosema "nimeshafika" wakati ndio kwanza wanavaa viatu.

"Mama, ina bima."

"Ina nini?"

"Bima. Bima ya simu. Ikivunjika, ikiingia maji, unaipeleka pale pale dukani, wanakupa nyingine."

Mama Jesca akamtazama mumewe, akamtazama binti yake. "Hivi hivi? Kama baba yako na vinu vyake?"

Romani alikuwa na desturi yake aliyokuja nayo kutoka kwao. Kinu chake kikipata ufa, anayekileta anachongewa kingine, haulizwi alitwangia nini wala alikianika wapi. Baba yake Romani alifanya hivyo, na babu yake pia, na wateja waliijua desturi hiyo kuliko walivyolijua jina lake.

"Kama baba na vinu vyake," alisema Jesca, na akaona uso wa mama yake unafunguka.

Ukweli ni kwamba siku ile dukani Kinondoni, Bi Badriya mwenye duka alimuuliza kwa upole kabisa, "Na bima nikuwekee, mwanangu?" Jesca akakataa. Hela zilizobaki zilikuwa za nauli, na hata zingekuwa za ziada, aliona ni kulipia msiba ambao haujatokea.

*

Kuanzia siku ile simu ikatoka kabatini, na Mama Jesca akatoka nayo.

Kwanza alipiga picha vinu vyote vilivyokuwa uani, kwa mbele na kwa nyuma, kama watu wa pasipoti. Kisha akajifunza kurekodi. Kisha akagundua kwamba anaweza kujirekodi mwenyewe, na hapo Segerea ikapata mtangazaji. Alirekodi akikuna nazi, akisonga ugali kwa mwiko wa Romani, akibishana na muuza samaki. Kwenye sendofu ya kumuaga binti wa jirani yao Bakari alipanda juu ya meza, kitenge kimekazwa kiunoni, simu mkono mmoja, akarekodi ukumbi mzima huku anacheza singeli. Siku mvua ilipokuwa inamwagika aliisimamisha simu dirishani kuwaonyesha wateja kuwa mninga wa Romani haunyonyi maji. Watu walipomwambia, "Mama Jesca, simu hiyo itaharibika," aliwajibu kwa raha yake yote: "Ina bima!"

Na kwa kuwa neno lenyewe lilimpendeza mdomoni, akaliingiza kwenye biashara. "Wapendwa, karibuni vinu," alisema kila asubuhi kwenye stetasi. "Vinu vyetu vina bima! Kikipasuka, kirudishe." Romani alisikia akiwa na tezo mkononi, akatikisa kichwa. Amefanya hivyo miaka yote, na leo ndiyo anaambiwa inaitwaje.

Oda zikaja. Zilitoka Tegeta, zikatoka Mbagala, ikaja moja ya mama aliyetaka kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu tu. Mama Jesca akaanza kucheka kwa sauti, kitu ambacho Jesca hakuwahi kukisikia tangu yuko shule ya msingi. Mwanamke aliyekuwa anarudi jioni amenyamaza, mgongo unamuuma kwa kukaa kwenye kigoda, sasa alikuwa anapiga simu usiku kumsimulia nani kasema nini.

Jesca alifurahi, na furaha yenyewe ikawa inamchoma. Kila alipofungua stetasi ya mama yake na kuona jinsi picha inavyoyumba, alijua mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika ndoo. Siku moja alipita kwa Bi Badriya kimya kimya kuuliza kama anaweza kuikatia bima ile simu sasa.

"Bima hukatwa simu ikiwa mpya, mwanangu," alisema Bi Badriya. "Hii sasa imeshatembea."

Imeshatembea kweli, aliwaza Jesca. Imetembea mpaka juu ya meza ya sendofu.

Angeweza kusema ukweli siku hiyo. Hakusema. Si kwamba aliogopa simu kuvunjika, kwani simu ingenunuliwa nyingine siku moja. Aliogopa kabati. Aliogopa mama yake akisikia kuwa hakuna bima, atairudisha ile simu kwenye soksi, na yeye mwenyewe atarudi pamoja nayo.

*

Kinu kilichoharibu mambo kilikuwa kikubwa, cha kupokezana michi. Mteja mmoja alikuwa ameandika kwamba vinu vya mjini vinapasuka chini, kwenye kitako. Mama Jesca akachukia kwa niaba ya mumewe.

"Leo nawaonyesha kitako," alisema. Akamwita Herieth, jirani yao wa ukuta mmoja, waje watwange pamoja. Akapindua ndoo juu ya kigoda, akaegemeza simu juu ya ndoo ikachungulia ndani ya kinu, ili watu waone mpaka chini. Herieth naye akatoa simu yake, akampa Romani awarekodi kwa mbali, wanawake waonekane wazima.

"Mie?" alisema Romani. "Hata sijui inashikwaje."

"Ishike tu kama tezo, Baba Jesca. Usibonyeze kitu."

Wakaanza. Walitwanga kisamvu, mchi wa huyu unapanda wa yule unashuka, kwa mwendo ule wa wanawake waliozoeana, na Mama Jesca akaanza kuimba. Kinu kikaitika. Ardhi ikatikisika kidogo, kigoda kikatikisika kidogo, ndoo ikasogea. Simu ikateleza taratibu, bila haraka, ikajitupa yenyewe ndani ya kinu. Mama Jesca aliona, akauzuia mchi wake juu. Lakini zamu haikuwa yake. Mchi wa Herieth ulikuwa umeshashuka.

Mlio wake haukuwa wa kisamvu.

Herieth akautupa mchi, akashika kichwa. "Mungu wangu! Mama Jesca! Nimeua simu! Nimeua simu ya watu!" Machozi yakawa yanamtoka kweli, kwa sababu mumewe hakuwa na kazi tangu mfungo na yeye alikuwa ameshaanza kuwaza atauza nini.

Mama Jesca akainama, akatia mkono kwenye kisamvu, akaichomoa simu inachuruzika majimaji ya kijani, kioo kimesagika kama chumvi ya mawe. Aliitazama. Kisha akamtazama Herieth, akamshika bega.

"Acha kulia, mdogo wangu. Ina bima." Akainama tena, akakumba kisamvu chote pembeni, akapapasa chini ya kinu, akamgeukia Romani aliyekuwa bado amesimama na simu ya Herieth kama aliyeambiwa asipumue. "Tazameni kitako hiki! Simu imesagika, kinu hakina hata ufa!"

Romani alikuwa amerekodi yote. Ndiyo klipu ya kwanza aliyowahi kupiga maishani mwake. Herieth, alipomaliza kufuta machozi na kuitazama, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Akaituma kwenye grupu la jumuiya. Jumuiya ikaituma kwenye kwaya, na kwaya haijawahi kutunza kitu.

*

Jesca aliiona akiwa kazini. Keshia mwenzake alimsogezea simu wakati foleni imepungua. "Hebu mcheki huyu bi mkubwa! Nimecheka mpaka basi."

Akamwona mama yake. Akaona mchi. Akasikia, "Acha kulia, mdogo wangu. Ina bima."

"Si mtamu?" aliuliza mwenzake.

"Ni mama yangu," alisema Jesca. Mteja akamrudishia chenji kwa sababu alikuwa amempa ya mtu mwingine.

Alipompigia Herieth, mama yake akapewa simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kwenda harusini. "Umeona, mwanangu? Herieth alitaka kufa! Nikamwambia tulia, mtoto wangu ana akili, kaikatia bima. Kesho hauko kazini, eti? Twende wote kwa Bi Badriya. Kitenge nimeshakipiga pasi."

"Mama..."

"Tutaongea kesho. Watu wamejaa hapa."

Kesho yake Jesca alijaribu kusema getini, akajaribu kusema barabarani, akajaribu mlangoni mwa duka. Kila alipofungua mdomo, mama yake alikuwa anasalimiwa na mtu aliyeiona klipu, na kila aliyemsalimia alimwambia, "Mama wa bima!" Naye anaitika.

Duka lilikuwa na watu. Mama Jesca akakiendea kioo cha kaunta, akakifungua kifurushi cha khanga mbele ya wateja wote, akaitandaza ile simu iliyosagika kwa adabu kubwa.

"Habari za saa hizi, dada."

"Njema, dada yangu, karibu," alisema Bi Badriya. Aliitazama simu, akamtazama mwenyewe, macho yakamtoka. "Wewe si ndiye yule wa kinu? Binti yangu Maisa kanionyesha jana! Nimecheka, wallahi, mpaka nimeshika mbavu."

"Ndiye mie. Basi nimekuja kwa ajili ya bima."

Bi Badriya akamtupia Jesca jicho moja tu. Alimkumbuka. Alikuwa mwanamke aliyezaa mabinti na kuwalea, akajifanya anatafuta miwani, kisha anafuta miwani, kisha anaitafuta mashine iko wapi ilhali iko mbele yake.

"Hebu tungoje kidogo, mtandao unasumbua," alisema.

Ule wema ndio uliomshinda Jesca. "Shikamoo, Bi Badriya. Usihangaike," alisema. "Mama, haina bima. Sikuikata. Nilikudanganya."

Wateja wakajifanya wanatazama makava. Mmoja aliyekuwa anabishania bei ya chaja akaacha kubisha, akalipa.

Mama Jesca alizirudisha pembe za khanga moja baada ya nyingine mpaka simu haikuonekana. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliiona jumuiya nzima, kwaya nzima, wale wote wa "mama wa bima," na yeye katikati anaitika.

"Ulinidanganya," alisema taratibu. "Segerea nzima nimewatangazia."

"Nilitaka uitumie, mama. Ungeiacha kabatini."

"Ndiyo maana sijui nikufanye nini. Ungenidanganya kwa ubaya, ningejua."

Bi Badriya akasogeza kiti, Mama Jesca akakaa.

"Dada yangu, mie bima nauza, na si utapeli," alisema Bi Badriya. "Mwanangu Hudhaifa alidondosha yake ngazini, wakampa nyingine. Lakini yako hii, hata ingekuwa nayo..." Akajizuia, midomo ikamchezacheza. "Klipu ipo kwa kila mtu. Watu wa bima wangesema umeiweka kwenye kinu mwenyewe ukaitwanga."

Mama Jesca akainua kichwa. "Kwani wasemaje? Si ndivyo ilivyokuwa?"

Mtu mmoja akacheka nyuma, akakohoa kujificha. Mama Jesca akamgeukia binti yake. Uso ulikuwa bado mkali, ila macho yalikuwa yanatafuta kitu.

"Ile siku ya sendofu kwa Bakari. Nilipopanda mezani."

"Haikuwa na bima, mama."

"Na ile siku ya mvua, dirishani?"

"Haikuwa nayo."

"Nilipoiweka kwenye tawi la mpera nikasahau mpaka jioni?"

"Kumbe uliisahau kwenye mpera?"

"Usiniulize, jibu."

"Haikuwa nayo."

"Yesu na Maria," alisema Mama Jesca. "Kumbe siku zote zile ilikuwa ni mie tu na mikono yangu hii."

Hakucheka. Alisimama, akauliza kama simu iliyokwisha kuvunjika inaweza kukatiwa bima, akaambiwa haiwezi. Akauliza fundi wa vioo yuko wapi, akaonyeshwa ng'ambo ya barabara. Fundi akabadilisha kioo, na Mama Jesca akalipa kwa hela yake mwenyewe ya vinu, akaukataa mkono wa Jesca uliokuwa umeshafungua pochi. Kisha akaichukua simu nzima, inang'aa kama siku ya kwanza, akaifunga tena ndani ya khanga, mkunjo juu ya mkunjo, akaipachika kwapani.

Jesca aliuona ule mkunjo wa mwisho, akajua simu inarudi kabatini.

*

Wiki hiyo kila alipopiga, simu iliita mpaka ikakata. Stetasi ilikuwa tupu. Jesca alikuwa anahesabu chenji huku anawaza soksi.

Jumamosi alifika Segerea, akapita sebuleni bila hata kuvua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kitasa. Akafungua. Boksi lilikuwepo. Akafungua boksi, khanga ipo. Akafunua khanga, soksi ipo. Akaibinya soksi.

Soksi ilikuwa tupu. Na pale pembeni pa boksi, hotpoti haikuwepo.

Ndipo aliposikia kishindo uani, na vicheko.

Uani kulikuwa na wanawake asiowajua wamekaa kwenye mkeka wanakula pilau kutoka kwenye ile hotpoti, ndiyo mara yake ya kwanza kutiwa chakula. Walikuwa wateja waliofuata vinu vyao. Maisa wa Bi Badriya alikuwepo, amekuja kuchagua kinu cha kuanzia nyumba, maana anaolewa. Romani alikuwa amekaa pembeni, na mbele yake kulikuwa na kitu ambacho Jesca hakukielewa mara moja. Lilikuwa gogo fupi la mninga, zito, pana chini, limechongwa mikono miwili. Ile mikono ilikuwa imeikumbatia simu kiunoni.

"Baba yako kaniambia kosa lilikuwa la ndoo," alisema Mama Jesca badala ya salamu. "Eti vitu vya plastiki havina kitako. Wiki nzima kanihangaikia na hili gogo, hataki niposti kitu mpaka liishe. Na sasa wawili hapa wanataka la kwao."

"Mama, nilikuwa nakupigia! Mbona hupokei?"

"Nilikuwa naiona. Nikasema na wewe uonje hofu kidogo." Akamtazama mtoto wake pale aliposimama na soksi na khanga mikononi, na hasira iliyokuwa imebaki ikamwisha. "Njoo hapa, wewe. Una akili mbaya, lakini ni akili. Kaa, upakuliwe pilau."

Herieth alikuwa ameshashika mchi, ila hakuuinua. "Mama Jesca, mie naogopa. Tuiweke mbali kidogo. Haina bima hii."

"Wewe yako mpya ukinunua, kata bima, una watoto wadogo ndani," alisema Mama Jesca. "Na uisome yote, kama kuna neno kinu ndani yake, uniambie. Haya, shika mchi."

Akajifunga khanga kiunoni, ile ile iliyokuwa kabatini, aliyoichomoa mikononi mwa binti yake. Akabonyeza simu. Akarudi nyuma, akatabasamu usawa wake, na sauti yake ikajaa uani.

"Wapendwa, mlinimisi? Haya. Nilisema uongo bila kujua, leo nasema kweli. Kinu hiki kina bima. Simu hii haina. Herieth, tuanze!"

Jesca akafumba macho. Mchi ukashuka, ardhi ikatikisika, mchi wa pili ukashuka. Alipofumbua, simu ilikuwa imetulia kwenye mikono ya baba yake ya mninga, na mama yake alikuwa anaimba.